Uvimbe wa Ubongo Unapokutana na Aneurizimu

Aneurizimu ya ubongo ni sehemu ya ateri ambayo ukuta wake umedhoofika na kutuna kama puto kwa msukumo wa damu. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Uvimbe wa ubongo ni maradhi mengine kabisa: ni seli zinazozaliana ovyo ndani ya ubongo, kwenye utando unaoufunika au kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake. Mara chache vyote viwili hukutwa kwa mgonjwa mmoja, na tiba ya kimoja huweza kukichokoza kingine.

Kwa kawaida uvimbe ndio unaompeleka mgonjwa hospitali, kwa maumivu ya kichwa, macho kufifia au degedege iliyomwanza ukubwani. Aneurizimu huonekana baadaye, mishipa inapopigwa picha kujiandaa kwa upasuaji. CT scan ya kawaida, isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa, huweza kuipita aneurizimu ndogo bila kuionyesha. Ajabu ni kwamba Egas Moniz wa Ureno, alipobuni angiografia ya ubongo mwaka 1927, alikuwa akitafuta njia ya kuuona uvimbe. Njia hiyohiyo ndiyo iliyokuja kufichua aneurizimu kwa watu walio hai.

Uvimbe unaotajwa zaidi katika hali hii ni meninjioma, unaoota kwenye utando wa ubongo. Meninjioma na aneurizimu huwapata zaidi wanawake, tena wa umri wa makamo na kuendelea, kwa hiyo sehemu ya kukutana huko ni sadfa tu. Pituitari ina habari tofauti kidogo. Wagonjwa ambao uvimbe wa tezi hiyo humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, wakavimba mikono, miguu na taya, wameonekana kuwa na aneurizimu mara nyingi zaidi, na homoni yenyewe inashukiwa kuathiri kuta za mishipa. Nadra zaidi ni uvimbe wa moyo uitwao miksoma: vipande vyake husafiri na damu hadi ubongoni, vikajipachika kwenye ukuta wa ateri na kuudhoofisha.

Ugumu uko kwenye upasuaji. Ukuta wa aneurizimu husukumwa na damu kutoka ndani, huku shinikizo la ndani ya fuvu likiuzuia kwa nje. Uvimbe mkubwa ukiondolewa, au maji ya ubongo yakitolewa kwa haraka, kizuizi hicho hushuka ghafla na aneurizimu huweza kupasuka mgonjwa akiwa mezani. Kwenye pituitari hatari iko karibu zaidi, maana ateri kubwa mbili hupita ubavuni mwa tezi hiyo. Aneurizimu iliyotuna hapo huweza kufanana na uvimbe, na daktari anayeufikia uvimbe kwa kupitia puani akiichoma, damu itakayotoka ni vigumu mno kuizuia.

Aneurizimu iliyokwisha kuvuja hutangulizwa, kwa sababu ikivuja tena huweza kuua. Ikiwa haijavuja, ni ndogo na iko mbali, uvimbe unaokandamiza ubongo hutolewa kwanza huku presha ya damu ikidhibitiwa kwa uangalifu. Vikiwa jirani, fuvu hufunguliwa mara moja: aneurizimu hubanwa shingoni kwa klipu, njia aliyoianzisha Walter Dandy mwaka 1937, kisha uvimbe hutolewa. Aneurizimu pia huweza kujazwa nyuzi laini za platinamu zinazopitishwa ndani ya mshipa. Lakini ikihitaji stenti, yaani kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa, mgonjwa hulazimika kunywa kwa miezi dawa za kuzuia damu kuganda, na upasuaji wa uvimbe hulazimika kusubiri. Kwa uvimbe unaokua haraka, kusubiri huko ni gharama kubwa.

Uvimbe ukiwa glioblastoma, saratani ambayo wengi huishi nayo mwaka mmoja hadi miwili tu, aneurizimu ndogo isiyovuja mara nyingi huachwa ilivyo.