Kutoka Ikulu hadi Mpanda: Nani humteua nani serikalini?

MKAZI wa Mpanda anapopiga kura ya Rais, kura hiyo hufika mbali kuliko anavyodhani. Mkuu wa Mkoa wa Katavi, wakuu wa wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika, pamoja na Mkurugenzi wa Manispaa, wote hushika madaraka kwa uteuzi wa Rais, ingawa majina yao hayamo katika karatasi ya kura.

Ndivyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ilivyoipanga Serikali. Ibara ya 33 humfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 36 humpa mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka. Makamu wa Rais huchaguliwa pamoja naye kwa kura moja.

Waziri Mkuu huteuliwa na Rais miongoni mwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, lakini hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Kazi yake ni kusimamia shughuli za kila siku za Serikali na kuiongoza bungeni. Katavi inaufahamu wadhifa huo: Mizengo Pinda, mwana wa eneo hilo, aliushika tangu Februari 2008 hadi 2015.

Mawaziri nao ni lazima wawe wabunge. Hapo Tanzania inatofautiana na Marekani, ambako waziri haruhusiwi kuwa mbunge, na jina lake hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Seneti ili likubaliwe au likataliwe.

Tofauti kubwa zaidi ipo mikoani. Gavana wa jimbo la Marekani huchaguliwa na wananchi, hivyo Rais hawezi kumfukuza. Mkuu wa mkoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali mkoani. Hata mkoa wenyewe ni zao la mamlaka hayo: Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, sambamba na kuanzishwa kwa Geita, Simiyu na Njombe.

Pembeni mwa safu hiyo ya wateule kuna safu ya waliochaguliwa: mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge. Madiwani humchagua Meya na kupitisha bajeti ya Manispaa. Hata hivyo, mtekelezaji wa bajeti hiyo ni Mkurugenzi, ambaye hakuajiriwa nao. Wakitofautiana naye wanaweza kumhoji na kulalamika, lakini neno la mwisho juu ya cheo chake liko kwa aliyemteua.

Kwa mwananchi wa kata ya Kashaulili mwenye kero ya barabara au zahanati, elimu hii si ya darasani tu. Diwani anaweza kuadhibiwa kwa kura uchaguzi unapofika. Mteule hawezi kuguswa na kura ya diwani wala ya mbunge; huguswa na ile ya Rais pekee, nayo hupigwa mara moja katika miaka mitano.