Je, Sindano Yaweza Kusaidia Mimba Kutunga?

Katika Wilaya ya Rungwe mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na mkulima apandaye mgomba nje ya mji wa Tukuyu hungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukata mkungu wa kwanza. Bibi arusi hapewi muda mrefu hivyo. Miezi michache baada ya arusi mama mkwe huanza kuuliza, majirani hutazama, na mwaka ukiisha bila dalili ya mimba maneno husemwa waziwazi. Katika jambo hili utabibu ni mvumilivu zaidi kuliko ukoo: Shirika la Afya Duniani huliita tatizo hili ugumba pale tu ambapo mume na mke wamekutana kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi, bila kutumia kinga yoyote, na mimba isitunge. Shirika hilo lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Tatizo basi si la ukoo fulani wala la kabila fulani.

Hata hivyo kila nchi ina namna yake ya kulieleza. Monica Wilson, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Wanyakyusa wa siku zile walihusisha utasa wa mwanamke na hasira ya wazee wake, hasa iwapo ng'ombe wa mahari hawakutolewa kama ilivyostahili. Dawa yake ilikuwa kuwapatanisha watu kwanza. Mtu wa leo asicheke upesi. Wazee wale walishika kanuni moja ambayo hata daktari huifuata, yaani kutafuta chanzo kabla ya kutafuta tiba. Kosa lao lilikuwa katika chanzo walichokitaja. Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe, maana ndiyo husahauliwa mara nyingi zaidi pindi tiba mpya inapofika.

Miongoni mwa tiba ambazo sifa zake zimeenea duniani katika miongo ya karibuni ni akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Tiba ya Wachina si habari ngeni kabisa katika nchi yetu. Madaktari kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu. Baadaye, katika miaka ya 1990, zahanati binafsi za Kichina zilifunguliwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Swali linaloulizwa na wanandoa wanaotamani mtoto ni rahisi: je, sindano hizo zaweza kusaidia mimba kutunga?

Kwanza ni vema kueleza sindano hizo ni nini. Msomaji anayejua chale au kuumika asidhani kwamba haya ni mamoja. Katika chale ngozi hukatwa na dawa kupakwa ili iingie mwilini. Katika kuumika damu hunyonywa kwa pembe. Katika akupancha hakiingizwi kitu na hakitolewi kitu. Sindano, ambayo unene wake ni kama robo ya milimita, haina tundu ndani. Huchomwa katika mguu, mkono, tumbo au sikio, huachwa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha huchomolewa. Mafundisho ya kale ya China yasema kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini katika njia zake, na kwamba sindano hufungua njia hizo zinapozibwa. Wapasuaji wa maiti hawajaziona njia hizo, wala darubini haijazionyesha.

Lakini kutoonekana kwa njia hizo si ushahidi kwamba sindano haifanyi lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanafiziolojia Han Jisheng wa Beijing aliwachoma sungura sindano, akaona kwamba uwezo wao wa kustahimili maumivu uliongezeka. Alipochukua majimaji yanayozunguka ubongo wa sungura hao na kuyatia katika ubongo wa sungura wengine ambao hawakuchomwa, nao walistahimili maumivu zaidi. Ilidhihirika kwamba ubongo ulikuwa umetoa kemikali fulani. Tangu wakati huo wataalamu wengi wamekubali kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na kwamba mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo. Huko Sweden, mwaka 1996, Elisabet Stener-Victorin na wenzake waliwatibu wanawake 10 kwa sindano zilizounganishwa na umeme mdogo, wakapima kwamba damu ilipita kwa urahisi zaidi katika mishipa iendayo kwenye mji wa mimba. Wanawake 10 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nao. Lakini wazo lilizaliwa.

Wazo hilo lilipata nguvu kwa sababu ya mbinu nyingine, yaani urutubishaji wa yai nje ya mwili. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Katika Afrika ya Mashariki, Uganda ilipata watoto wa namna hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, na huduma hiyo sasa inapatikana pia Dar es Salaam. Daktari huchukua mayai kutoka katika ovari, huyakutanisha na mbegu za mume katika maabara, na baada ya siku chache hurudisha kiinitete katika mji wa mimba. Gharama yake ni mamilioni ya shilingi, na majaribio mengi hayafaulu. Si ajabu basi kwamba mtu aliyeuza shamba la chai au ng'ombe wake ili apate fedha hizo atashika chochote kinachosemekana kuongeza bahati.

Mwaka 2002 Wolfgang Paulus wa Ujerumani, akishirikiana na wataalamu wa China, alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Wanawake 160 waligawanywa katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi la kwanza walichomwa sindano kwa dakika 25 kabla ya kurudishiwa kiinitete, na tena baada yake. Kundi la pili walilala tu. Katika kundi la kwanza 34 walipata mimba, yaani asilimia 42.5. Katika kundi la pili walipata 21, yaani asilimia 26.3. Habari hizo zilienea upesi, na zahanati nyingi za Ulaya na Marekani zikaanza kuwashauri wateja wao wachomwe sindano.

Hapa ndipo mwanafunzi wa sayansi hana budi kusimama. Watafiti wa kilimo wanaotaka kujua kama mbolea fulani hukuza mahindi, tuseme pale Uyole karibu na Mbeya, hawatazami shamba moja tu. Hupanda viwanja viwili vya udongo mmoja, siku moja, kwa mbegu moja na palizi moja, na tofauti huwa ni mbolea peke yake. Paulus alikuwa na viwanja vyake viwili. Lakini mahindi hayajui kama yametiwa mbolea, na mwanamke anajua kama amechomwa sindano. Aliyechomwa ameangaliwa zaidi, ameguswa, ametiwa moyo. Aliyelala tu anajua kwamba amenyimwa kitu. Viwanja havikuwa sawa.

Njia ya kuondoa kasoro hiyo ilikwisha kubuniwa. Mwaka 1998 Konrad Streitberger wa Heidelberg alieleza sindano ya kuigiza, ambayo ncha yake ni butu na mwili wake hurudi ndani ya mpini inapokandamizwa, mfano wa kisu cha mchezo wa kuigiza. Mgonjwa huhisi kuguswa na huona sindano ikifupika, naye huamini kwamba imeingia. Kwa vifaa vya namna hiyo watafiti waliweza kuwapa wanawake wote huduma ile ile, ila sindano.

Jaribio kubwa la aina hiyo lilifanyika Australia na New Zealand chini ya Caroline Smith, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Wanawake 848 waliokuwa katika urutubishaji wa nje ya mwili walishiriki. Kati ya waliopata sindano za kweli, asilimia 18.3 walizaa mtoto hai. Kati ya waliopata sindano za kuigiza, asilimia 17.8. Tofauti hiyo ni watoto watano kwa kila wanawake 1,000, na bahati tupu yaweza kuileta. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi nzuri hapo: warushe sarafu mara 400, kisha mara 400 nyingine, waone kama idadi za vichwa zitalingana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo China yenyewe, nyumbani kwa sindano, ilikuwa imetoa jibu lake. Wanawake 1,000 ambao mayai yao hayapevuki vizuri kwa sababu ya kasoro za homoni na ovari zenye vifuko vingi vidogo waligawanywa katika makundi manne. Waliopewa sindano za kweli pamoja na klomifeni, kidonge kinachoamsha ovari, walizaa kwa asilimia 29.4. Waliopewa sindano za kuigiza na kidonge hicho, asilimia 28.7. Waliopewa sindano za kweli na kidonge kisicho na dawa, asilimia 13.9, na waliopewa vyote viwili vya kuigiza, asilimia 16.8. Msomaji azipange tarakimu hizo katika jedwali, naye ataona mwenyewe ni kitu gani kilichokuwa kikifanya kazi. Kidonge hicho, ambacho ni cha bei nafuu mno kikilinganishwa na urutubishaji wa nje ya mwili, kiliongeza uzazi karibu mara mbili, sindano haikuongeza.

Haifai kusema kwamba sindano ni bure kabisa. Katika uchunguzi kadhaa wanawake waliochomwa wameeleza kwamba wasiwasi wao ulipungua, na kwa mwanamke ambaye kila siku huulizwa habari za tumbo lake, nusu saa ya kulala kimya huku mtu akimhudumia kwa upole si jambo dogo. Kama anaitaka kwa ajili hiyo, na fedha anazo, hana lawama. Ila ahakikishe kwamba kila sindano imetolewa katika pakiti yake mbele ya macho yake na itatupwa baada ya kutumika, kwani virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI hupita kwa sindano iliyotumiwa na mwingine. Ahakikishe pia kwamba mtoa huduma amesajiliwa, kama Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inavyotaka.

Hasara kubwa zaidi iko mahali pengine. Mwaka 1985 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 25. Ilionekana kwamba kati ya wanawake wagumba wa Afrika waliopimwa, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na kasoro inayoweza kuwa imetokana na maambukizo, hali duniani kwa jumla ilikuwa asilimia 33. Maambukizo hayo ni kama kisonono na klamidia, pamoja na yale yanayoingia wakati wa kujifungua au mimba inapotoka katika mazingira machafu. Ndiyo maana katika Afrika ni kawaida kumwona mwanamke aliyezaa mtoto mmoja bila taabu, kisha asizae tena.

Vijidudu hivyo hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mrija wa uzazi, katika sehemu yake nyembamba kabisa, una tundu lisilofikia milimita moja. Kovu dogo latosha kuliziba, na yai na mbegu haviwezi kukutana. Sindano inayochomwa katika goti haiyeyushi kovu hilo, wala mzizi haufanyi hivyo, wala utulivu wa moyo. Mirija hupimwa kwa kuingiza dawa inayoonekana katika picha ya eksirei. Mwanamke wa miaka 34 anayetumia miaka miwili katika tiba isiyogusa mirija atafika hospitalini akiwa na miaka 36, na baada ya miaka 35 mayai ya mwanamke hupungua kwa kasi, kwa idadi na kwa ubora. Fedha yaweza kutafutwa tena.

Tena mara nyingi anayekwenda kutibiwa ni mwanamke peke yake. Wataalamu wamekadiria kwamba mwanamume ana sehemu yake katika karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto. Matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe, kisonono kisichotibiwa, au kasoro aliyozaliwa nayo yaweza kumpunguzia mbegu bila kumpunguzia nguvu za kiume hata kidogo, na kwa kuwa hajisikii mgonjwa hukataa kupimwa. Wazee wa zamani walitafuta hasira katika ukoo wa mke. Wengi wa leo bado wanatafuta chanzo upande ule ule.

Kipimo chake hakina sindano. Mume hujizuia siku mbili hadi saba, hutoa manii katika kikopo safi, na maabara huyachunguza ndani ya saa moja kwa darubini isiyotofautiana sana na ile iliyo katika maabara ya shule ya sekondari. Mpimaji huhesabu mbegu, hutazama ngapi zinaogelea na ngapi zimesimama, kisha huandika. Kiwango cha chini kilichowekwa mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 katika kila mililita. Kazi yote huchukua muda mfupi kuliko safari ya basi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya na kurudi.