Nani Hununua Shamba Wakati wa Vita?



Kila kikundi kina mtu ambaye, jambo jipya likitajwa, anatikisa kichwa. "Si tulichanga za tanki? Zilienda wapi? Watu ni wale wale." Na mara nyingi anasema kweli: alichanga, na pesa zake zikaliwa. Tusimcheke. Lakini tujiulize, je, kukata tamaa ndiyo hekima?

Fungueni Yeremia sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatekwa. Ndipo binamu yake Hanameli anakuja kumwomba anunue shamba lake la Anathothi. Shamba gani tena, na nchi inachukuliwa na adui! Wengi wetu tungemwambia, "Wacha mchezo." Yeremia alilinunua kwa shekeli 17 za fedha, kwa maana Mungu alikuwa ameahidi kwamba siku moja watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Tuangalie mambo mawili.

Kwanza, Yeremia hakujidanganya. Hakusema vita vitaisha kesho, na kweli mji ulitekwa. Matumaini ya Mkristo hayafichi ubaya uliopo. Yanasimama juu ya ahadi ya Mungu, kwa hiyo hayaanguki watu wakituangusha.

Pili, alifuata utaratibu. Fedha ilipimwa kwenye mizani. Mashahidi walitia sahihi. Hati moja ilitiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi, na zote zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Basi kumtumaini Mungu si kuacha akili nyumbani. Kama pesa ziliwahi kuliwa, msivunje kikundi, rekebisheni vitabu. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, risiti iandikwe, watu watatu watie sahihi benki, na hesabu isomwe kila mkutano.

Hata hapa Kenya tuna mfano. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliona jinsi mvua ilivyokuwa ikichukua udongo wa Machakos (pamoja na Makueni ya leo), wakasema nchi inageuka jangwa. Watu walikuwa kama 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Ungedhani ardhi imekwisha kabisa. Lakini vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, vilichimba matuta ya fanya juu, mlima kwa mlima, na masoko ya mazao yakawatia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda.

Yule ndugu anayetikisa kichwa, msimfukuze. Mpeni kazi ya kukagua vitabu. Macho yake makali yatawafaa, na huenda moyo wake ukapona.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni jambo gani lilitukatisha tamaa katika kikundi chetu? Tulilizungumza wazi?
2. Ni nani aliyeona vitabu vyetu mwezi uliopita?
3. "Shamba la Anathothi" letu ni lipi mwaka huu?