Ligi ya Mikutano ya Kilele: Nani Kinara?

Bandung, Indonesia, ilikusanya nchi 29 za Asia na Afrika Aprili 1955. Tangu hapo kuialika Afrika mezani kumekuwa mashindano, na China, India, Japani na Waarabu wote wamo uwanjani. Vinara ni hawa.

1. Ahadi nono kuliko zote za China: dola bilioni 60

Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika lilizaliwa Beijing mwaka 2000. Mwaka 2006 China iliahidi mikopo ya dola bilioni 5. Mwaka 2009 zikawa 10, mwaka 2012 zikawa 20, na Johannesburg 2015 rekodi ikavunjwa kwa kishindo: bilioni 60 kwa miaka mitatu! Beijing ikazirudia 2018. Bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania ya 2018/19 ilikuwa shilingi trilioni 32.5, kama dola bilioni 14. Ahadi ile ingeilipa mara nne na chenji ikabaki. Mwaka 2024 zilitajwa yuan bilioni 360, karibu dola bilioni 51. Ni nyingi, ila taji halikuguswa.

2. Kungoja kurefu: miaka 33

Wakuu wa Afrika na wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo Machi 1977. Mara ya pili ikawa Sirte, Libya, Oktoba 2010. Katikati zilichezwa fainali 9 za Kombe la Dunia, kuanzia Argentina hadi Afrika Kusini.

3. Aliyekua haraka: India

New Delhi 2008, nchi 14 za Afrika. New Delhi 2015, nchi zote 54, na viongozi wakuu 41 waliokuja wenyewe. Miaka 7 tu!

4. Zawadi ndefu kwenda juu: mita 99.9

Makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, yaliahidiwa na China kwenye mkutano wa Beijing 2006 na kufunguliwa Januari 2012, kwa gharama ya dola milioni 200. Hata hivyo KICC, jengo la mikutano la Nairobi lenye mita 105, bado linayatazama kwa juu. Na ni KICC hiyo hiyo iliyopokea mkutano wa Japani na Afrika Agosti 2016, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu ulipoanzia Tokyo mwaka 1993.

5. Mkongwe wa reli: kilomita 1,860

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukamilika 1975, miaka 25 kabla jukwaa la Beijing halijakuwepo. Unganisha reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 480, na reli ya Addis Ababa hadi Djibouti, kama 750: TAZARA inazipita zote mbili kwa zaidi ya kilomita 600! Septemba 2024, mkutano wa Beijing ukiendelea, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua.