Mikono iliyoanza kwa kutandika vitanda

Mamitu Gashe alifikishwa hospitalini Addis Ababa mwanzoni mwa miaka ya 1960, binti wa miaka kama 16 ambaye shule hakuwahi kuiona. Alikuwa ameshikwa na uchungu kijijini kwao kwa siku kadhaa, mtoto akafa, naye akabaki na fistula. Tuiseme waziwazi, kwa kuwa wengi huisikia wakaona haya kuuliza. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga muda mrefu, hukandamiza nyama iliyo kati ya kibofu na uke hadi damu isipite. Nyama ile hufa, likabaki tundu, na mkojo ukatiririka usiku na mchana. Wengi huachwa na waume zao. Ibadani hawaendi tena, wanaogopa harufu.

Waliompokea ni mtu na mkewe, Reginald na Catherine Hamlin, madaktari wa wanawake na Wakristo wa Kianglikana. Walifika Ethiopia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu. Mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula, na Catherine akafia mjini humo mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 96. Wanawake waliotibiwa kwao wanahesabika kwa makumi ya maelfu.

Habari za madaktari walioacha raha za kwao tumezizoea. Mimi anayenivuta ni Mamitu. Baada ya kutibiwa hakuondoka. Akatandika vitanda, akahudumia wagonjwa, kisha akaitwa chumba cha upasuaji kushika vyombo. Wakamfundisha kushona mshono mmoja, halafu mwingine, mpaka siku akakabidhiwa kisu. Mwishowe madaktari wenye shahada zao walisimama kando yake wakijifunza. Mwaka 1989 chuo cha madaktari wa upasuaji cha London kilimtunukia nishani ya dhahabu pamoja na walimu wake.

Sasa turudi makanisani kwetu. Ukisikia fulani ana karama, jua ni mtu wa maikrofoni: anahubiri, anaimba, anaombea wagonjwa. Mama aliyekesha na cherehani ili kwaya ipendeze Jumapili ya Pasaka hatajwi kwenye matangazo, labda sare zikichelewa. Ajabu ni kwamba katika kitabu cha Kutoka, mtu anayesemwa waziwazi kuwa Mungu amemjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ni fundi, Bezaleli, na kazi yenyewe ni dhahabu, shaba, mawe na mbao. Na katika Matendo ya Mitume, kule Yafa, Dorkasi alipokufa, wajane hawakumsimulia mtume Petro mahubiri ya marehemu. Walimwonyesha nguo alizowashonea.

Neno talanta nalo tumelizoea hadi tumesahau kuwa katika mfano wa Yesu lilikuwa fedha, tena nyingi: talanta moja ilikaribia ujira wa kibarua wa miaka 20. Kila mwaka tunamsuta yule mtumishi aliyeifukia ya kwake. Wanaofukia za wenzao hatuwasemi, nao ndio wengi zaidi: mzee wa kanisa anayeona kijana hajasoma akamwachia kazi ya kupanga viti miaka kumi, kiongozi asiyetaka kufundisha mtu asije akampita. Akina Hamlin wangeweza kumshukuru Mamitu kwa vitanda vilivyonyooka, ikaishia hapo. Kumpa mtu asiyejua kusoma kisu cha upasuaji, baada ya kumfunza kwa subira, ni karama ya aina yake. Sijawahi kuisikia ikiombewa.

Na si lazima iwe kisu. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa. Fedha humfikia mtu wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa, naye humkatia tiketi ya basi. Lakini kabla ya tiketi kuna kazi nyingine: kumgundua mama anayejificha, kukaa naye, kumshawishi kwamba ugonjwa wake una tiba. Huko hakuna jukwaa.

Addis Ababa, mgonjwa mpya alipofika akilia kwa aibu, Mamitu hakuhitaji kusimuliwa. Naye aliwahi kulala kwenye shuka zilizolowa vilevile.