Kito cha rangi mbili: uzuri wake ni wa kweli, bahati yake je?

Mwezi uliopita binti mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya swala ya alasiri, akavua pete kidoleni na kunitilia kiganjani. "Shikamoo, Ami. Nitazamie jiwe hili. Ni la kweli au nimeibiwa?" Alijua nilifanya kazi kwa sonara miaka mingi kabla macho hayajaanza kuchoka.

Kito kilikuwa kizuri mno: nusu zambarau iliyoiva, nusu manjano ya asali, na mpaka katikati kama uliopigwa rula. Aliyemuuzia alimwambia ni jiwe la kupatanisha mume na mke. Avae siku 40 bila kuvua, na mumewe aliyeko Ughaibuni, ambaye hajaleta masurufu kwa miezi saba, atakumbuka nyumba yake. Alilipa shilingi 35,000, pesa zake zote za upatu.

Nilichukua lenzi nikalitazama. Halikuwa kioo. Lakini nilimwambia kuwa swali lake ni maswali mawili, na kwa kuwa pete za namna hii zimezidi siku hizi, nimeona niyajibu hapa.

Kito hiki huitwa ametrini. Jina hilo limeunganishwa kutokana na amethisto, ambayo ni ya zambarau, na sitrini, ambayo ni ya manjano. Yote mawili ni kwatzi, na akiki tunayoivaa Pwani tangu enzi za mababu ni ya ukoo huo huo. Rangi zote mbili zinatokana na chembe za chuma ndani ya jiwe. Jiwe linapokua ardhini, chuma hukaa kwa namna tofauti katika pande zake, na joto pamoja na mionzi ya asili ya miamba huufanya upande mmoja uwe zambarau na mwingine ubaki manjano. Ndiyo maana rangi hizo hukutana ndani ya jiwe moja bila kuunganishwa na mtu.

Ametrini ya asili inayouzwa duniani hutoka hasa katika mgodi wa Anahí, mashariki mwa Bolivia, karibu na mpaka wa Brazil. Husimuliwa kuwa Anahí alikuwa binti wa mfalme wa Waayoreo, aliyeolewa na askari wa Kihispania katika karne ya 17, na mgodi ukawa zawadi ya harusi. Bila shaka hadithi hii ya ndoa imesaidia kuliuza jiwe.

Na nguvu zake? Wagiriki wa kale waliamini amethisto humkinga mtu na ulevi, na jina lenyewe kwa lugha yao lina maana ya "kutolewa". Wanaoamini mawe husema zambarau hutuliza moyo, manjano huvuta riziki, na zikikutana huleta mizani kati ya wawili. Hayo ni mawazo ya watu kuhusu rangi. Kwatzi ni silika, kama mchanga mwingi tunaoukanyaga, na hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kuwa humgeuza mtu moyo, seuze mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Sisemi kuvaa kito ni kosa. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi. Masheikh wetu hutenganisha pambo na hirizi: pambo huvaliwa kwa uzuri, na anayelitegemea jiwe limletee heri au limwondolee shari amevuka mpaka.

Ukitaka kununua kwa uzuri wake, yajue haya. Kwatzi ni ngumu, daraja la 7 katika kipimo cha 10, hivyo hukwaruza kioo. Ukiigusisha shavuni ni baridi kuliko kioo, nayo haina yale mapovu ya mviringo yanayoonekana kwenye kioo kwa lenzi. Tia jiwe majini ulitazame ubavuni: ukiona mstari wa gundi, ni vipande viwili vilivyobandikwa. Ipo pia ametrini inayotengenezwa maabara, na hiyo lenzi yangu haiwezi kuitofautisha. Inahitaji maabara ya vito. Na fahamu kuwa amethisto ikichomwa kwa joto la nyuzi 400 na zaidi aghalabu hugeuka manjano, kwa hivyo sitrini nyingi sokoni ni amethisto iliyopita tanurini. Ametrini si kito cha bei ya yakuti. Ukitajiwa bei ya kutisha, muulize muuzaji unalipia jiwe au unalipia maneno.

Yule binti nilimuuliza kitu kimoja: katika siku hizo 40, ulimpigia simu mumeo, ulikwenda kwa wazee wake, ulifika kwa kadhi? Akainamisha kichwa. Aliambiwa asifanye lolote, aliachie jiwe lifanye kazi. Hapo ndipo alipoibiwa. Pesa za upatu zitarudi mzunguko mwingine, lakini siku 40 watoto walikuwa wakila kwa mkopo dukani.

Jumatatu alikwenda kwa kadhi na mamake, kudai masurufu. Pete alikuwa ameivaa. Nilimwambia asiivue, inampendeza.