Karoli Lwanga na Wenzake: Utangulizi kwa Msomaji wa Nyakatuntu

Hapa Nyakatuntu huhitaji maktaba ili uanze kuwasoma Mashahidi wa Uganda. Akina Kizito, Lwanga na Matia tunasalimiana nao kila siku, na Juni 3 inapokaribia mahujaji wa Kagera huvuka mpaka wa Mutukula kwenda Namugongo, walikouawa wengi wa mashahidi hao. Kazi iliyobaki ni kuuliza waliuawaje, na kwa nini.

Habari iliyozoeleka ni kwamba Kabaka Mwanga aliwachukia Wakristo, akawachoma moto. Naiona fupi mno. Dini za kigeni ziliingia ikulu ya Buganda zikifuata njia za biashara, na njia ya zamani ilipita Karagwe yetu. Misafara kutoka Tabora ilitua Kafuro, jirani na makao ya Mukama Rumanyika, kisha ikaendelea kaskazini na nguo, shanga na bunduki. Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suna mwaka 1844 akamweleza habari za Mungu mmoja, alikuja kuwa mkazi wa Kafuro. Mapadre Wakatoliki walipofika kwa mitumbwi mwaka 1879, waliwakuta vijana waliokwisha kuzoea mijadala ya dini. Matia Mulumba alipitia Uislamu, kisha Uprotestanti, ndipo akabatizwa Mkatoliki.

Kwa hiyo usianzie 1885, Wakristo walipoanza kuuawa. Anzia 1876, Kabaka Mutesa alipowaua vijana Waislamu waliogoma kula nyama ya ikulu kwa sababu haikuchinjwa kisheria. Kosa lao ndilo litakalowaponza Wakristo miaka kumi baadaye: kijana wa ikulu kuwa na bwana mwingine aliye juu ya Kabaka. Hesabu tunayoitaja sana, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, haiwagusi Waislamu hao. Mtafiti asiwasahau.

Namugongo kwenyewe, soma polepole. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana, alitengwa na wenzake akachomwa kwa moto mdogo ulioanzia miguuni. Wengine walifungwa ndani ya matete wakalazwa juu ya kuni. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mzee huyo alimbembeleza akane, kijana akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe rungu kwanza, ili moto umkute ameshakufa. Mimi nikisoma hapo huacha kumwita Mukajanga katili, angalau kwa ukurasa mmoja.

Haya tunayajua kwa sababu wapo waliofikishwa kwenye kuni wakasamehewa dakika ya mwisho. Mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi akatoa ushahidi wake. Ni bahati ambayo wanahistoria wa mashahidi wa kale hawaipati mara nyingi, ingawa Perpetua wa Carthage, aliyeuawa mwaka 203, aliacha maelezo ya kifungo chake. Vitabu vya sala vilivyofuata vimelainisha mengi. Ushahidi wa Kamyuka una hofu, una vijana wanaotaniana njiani, una majina ya walionusurika.

Basi anza na Kamyuka, halafu usome habari za biashara ya Karagwe, na hati za kuwatangaza wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964 zifuate. Mwanga mweke mwisho, umsome bila haraka. Aliingia utawalani mwaka 1884 akiwa kijana mdogo, Wazungu wakimsogelea kila upande. Waingereza walimhamishia Shelisheli, na huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alifariki mwaka 1903.